Shajara ya Mradi: Kupima Kache ya Chipu Ambayo Bado Haijatengenezwa

Machi, mwanzoni

Mradi huu una swali moja la maunzi na swali moja la programu, na tumekubaliana tangu mwanzo kwamba maswali hayo yajibiwe kwa pamoja. Wenzetu wa maunzi wanataka kujua kama kache ya data ya ngazi ya kwanza, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu zaidi na kiini cha chipu, ambayo katika mchoro wa sasa ina kilobaiti 32, iongezwe hadi kilobaiti 64. Wenzetu wa programu wanataka kujua kwa nini programu ya kukadiria mvua, ambayo ndiyo mzigo mkuu wa kifaa hiki, hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikisubiri kumbukumbu badala ya kukokotoa. Chipu yenyewe haipo bado. Kuna maelezo ya muundo wake tu: kiini kimoja kinachotekeleza amri kwa mfuatano zilivyoandikwa, cha aina ya RISC-V, usanifu ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010 na ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni. Kwa kuwa hakuna chipu ya kupima, itatubidi tuiige.

Kiigaji tulichochagua ni gem5, kilichotokana na kuunganishwa kwa viigaji viwili mwaka 2011: M5 cha Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS cha Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tumekichagua kwa sababu kinamruhusu mtumiaji kubadili sehemu moja tu ya mfumo, kwa mfano idadi ya nafasi katika kila seti ya kache, huku mengine yote yakibaki yalivyo. Chipu halisi haikupi uhuru huo. Ukilinganisha chipu mbili zilizotengenezwa na watu tofauti, tofauti zake huwa nyingi kiasi kwamba huwezi kusema kwa uhakika ni ipi iliyoleta matokeo uliyoyaona.

Programu ya mvua hugawa eneo lake katika gridi ya nukta 32 kwa 32, yaani nukta 1,024, na uhusiano wa makosa ya makadirio kati ya kila nukta na nyingine huhifadhiwa katika matriki ya 1,024 kwa 1,024. Kila namba ina biti 64, kwa hiyo matriki moja huchukua megabaiti 8. Vipimo vipya vinapoingia, matriki za ukubwa huu huzidishwa, na kuzidisha matriki mbili kwa njia ya kawaida ni hatua 1,073,741,824 za kuzidisha na kujumlisha. Hapo ndipo muda unapokwenda, na hapo ndipo tutakapoelekeza macho.

Tatizo la kwanza ni mwendo wa kiigaji chenyewe. Uigaji wa kina, unaofuata kila mpigo wa saa, hutekeleza makumi au mamia ya maelfu ya amri kwa sekunde. Tukichukua laki mbili kwa sekunde, na tukihesabu amri saba kwa kila hatua ya kitanzi cha ndani, kuzidisha mara moja tu kunahitaji amri zaidi ya bilioni 7.5, sawa na zaidi ya saa kumi za kusubiri, na huo ni mpangilio mmoja wa kache kati ya mingi tunayotaka kuilinganisha. Kuna njia ya kukimbiza sehemu isiyopimwa moja kwa moja juu ya kichakataji cha kompyuta mwenyeji, lakini hiyo hufanya kazi pale tu mwenyeji anapotumia amri za aina ileile na mfumo unaoigwa, na seva zetu ni za x86, aina nyingine ya amri.

Kwa hiyo tutapima sehemu. Safu mlalo moja ya jibu huhitaji hatua 1,048,576, na kila safu mlalo hurudia mwenendo uleule wa kusoma kumbukumbu; safu chache zinatosha kueleza zote. Programu itakimbizwa kwa modeli nyepesi isiyojali muda hadi matriki ziwe zimejazwa, kisha hali nzima ya mfumo itahifadhiwa kwenye diski. Kutoka hapo kila jaribio litaanzia mahali pamoja: kwanza safu kadhaa za kuijaza kache na data inayostahili kuwamo, halafu hesabu zote zirudishwe kwenye sifuri, na ndipo kipimo kianze. Hatua ya kuijaza kache hairukwi hata tukiwa na haraka, kwa maana kipimo kinachoanza na kache tupu hupima utupu huo na kuuhesabu kana kwamba ni tabia ya programu.

Tumeweka pia sharti moja ambalo naliona kuwa ndiyo roho ya mradi: hakuna jaribio litakaloendeshwa kabla mtu hajaandika kwa mkono namba anayoitarajia, pamoja na sababu yake. Kiigaji hutoa faili yenye mistari mingi sana ya takwimu, na kila mstari unaonekana wa kuaminika kwa sababu tu umechapishwa. Namba ambayo hatuwezi kuieleza haitaingia katika jedwali la kupelekwa kwa wabunifu wa chipu, hata ikiwa inatupendeza.

Machi, katikati

Leo tumeandika matarajio ya jaribio la msingi. Kache ya kilobaiti 32 ina mistari 512 ya baiti 64 (mstari ni fungu la data linaloletwa kwa pamoja kutoka kumbukumbu), iliyopangwa katika seti 64 zenye nafasi 8 kila moja. Ni kama masanduku ya posta: tarakimu fulani za anwani huamua barua iingie sanduku lipi, na sanduku likijaa barua nane, ya tisa haiingii mpaka moja itolewe, hata kama masanduku mengine 63 ni matupu. Biti sita za mwisho za anwani huonyesha baiti ndani ya mstari, na biti sita zinazofuata huonyesha seti. Kwa pamoja ni biti 12.

Programu ilivyoandikwa, kitanzi cha ndani husoma matriki ya pili kwa kushuka safu wima. Kutoka namba moja hadi ya chini yake ni mruko wa safu mlalo nzima, yaani namba 1,024 za baiti 8, sawa na baiti 8,192. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 13. Ukijumlisha 8,192 kwenye anwani yoyote, biti 13 za mwisho hazibadiliki hata kidogo, na kwa kuwa seti huamuliwa na biti zilizo ndani ya hizo, namba zote 1,024 za safu wima moja zinagombea seti moja yenye nafasi nane. Kufikia mwisho wa safu, namba za mwanzo zilishatolewa zamani. Safu wima inayofuata, ambayo namba zake zimo katika mistari ileile, haikuti chochote.

Matarajio tuliyoyaandika: katika kila safu mlalo ya jibu, usomaji wote 1,048,576 wa matriki ya pili ukose kache, yaani namba isikutwe humo na ifuatwe kwenye kumbukumbu, na iwepo ziada ya elfu mbili hivi, kwa sababu safu mlalo ya matriki ya kwanza ina mistari miwili inayoangukia katika seti hiyo yenye msongamano, nayo itafukuzwa na kurudishwa kwa kila safu wima. Kiigaji kimetoa picha hiyohiyo, ikiwa ni pamoja na ile ziada. Ziada imenifurahisha kuliko namba kubwa, maana namba kubwa ingeweza kulingana kwa bahati, lakini ziada hailingani mpaka uwe umeelewa mahali ilipotoka.

Kisha tukaja kwenye swali lililotuleta. Kache ya kilobaiti 64 yenye nafasi nane ina seti 128, kwa hiyo seti huamuliwa na biti saba badala ya sita, na jumla ya biti zinazohusika inakuwa 13. Mruko wa programu ni 2 kwa kipeo cha 13. Seti bado haibadiliki. Kuongeza kache maradufu kwa njia hii hakupunguzi hata ukosaji mmoja katika usomaji wa safu wima, na kiigaji kimethibitisha hivyo.

Mwenzetu anayesimamia upande wa maunzi aliposikia matokeo hayo aliuliza swali la haki kabisa: vipi ikiwa ukubwa utaongezwa kwa nafasi badala ya seti, yaani nafasi 16 katika seti 64? Tumejaribu. Safu yenye namba 1,024 zinazogombea nafasi 16 haina nafuu kuliko zikigombea nafasi nane, kwa sababu kinachotolewa ni mstari uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, na katika mzunguko mrefu kuliko nafasi zilizopo mstari huo ndio hasa utakaohitajika mapema kuliko mingine. Tulibadilisha pia kanuni ya kutoa mstari, tukaweka ya kubahatisha. Kwa msongamano wa namna hii hakuna kilichobadilika.

Gharama ya pendekezo hilo imewekwa mezani pia. Kilobaiti 32 za ziada ni biti 262,144 za data, na biti moja ya SRAM ya kawaida, kumbukumbu inayotumika kutengenezea kache, hutumia transista sita, kwa hiyo ni transista zaidi ya milioni moja na nusu bila kuhesabu lebo za mistari, yaani biti zinazotambulisha kila mstari ni wa anwani ipi. Isitoshe, kache hii huanza kutafuta seti wakati anwani ya programu bado inatafsiriwa, ukurasa kwa ukurasa, kuwa anwani ya kumbukumbu halisi, jambo linalowezekana kwa sababu biti 12 za kuchagua seti na baiti zote zimo ndani ya ukurasa wa kilobaiti 4, ambazo tafsiri haizigusi. Ukiongeza seti, biti ya 13 inatoka nje ya ukurasa na mpango huo unahitaji ulinzi mwingine. Ukiongeza nafasi hadi 16, kila usomaji unalazimika kulinganisha lebo 16 kwa mpigo mmoja, na umeme unaotumika huongezeka hata pale ambapo programu haifaidiki.

Machi, mwishoni

Kazi ndogo lakini ya lazima: kubadili mpangilio wa vitanzi. Vitanzi viwili vya ndani vikibadilishana nafasi, matriki ya pili husomwa kwa safu mlalo, na kila mstari unaoletwa hutumika kwa namba zake zote nane kabla ya kuachwa. Matarajio ni ukosaji mmoja kwa kila hatua nane, yaani 131,072 katika kila safu mlalo ya jibu, na 134,217,728 kwa kazi nzima. Imelingana. Mistari michache ya programu imepunguza ukosaji hadi sehemu moja ya nane, ilhali kuongeza kache maradufu hakukupunguza chochote.

Hata hivyo kilichobaki ni kingi. Matriki ya megabaiti 8 inapita yote ndani ya kache kwa kila safu mlalo ya jibu, na kilobaiti 64 zingeihifadhi vibaya sawasawa na kilobaiti 32.

Aprili

Mwezi huu tumeugeukia ukataji wa matriki katika vipande. Badala ya kupitisha matriki nzima, tunachukua kipande cha 32 kwa 32 kutoka kila matriki, tunamaliza kazi yote inayowezekana kati ya vipande hivyo, kisha tunaendelea na vingine. Kipande kimoja ni kilobaiti 8. Vitatu ni kilobaiti 24, na kache ina 32. Kwa hesabu ya ujazo pekee, ukosaji wa matriki ya pili ungepaswa kupungua mara 32, kutoka 134,217,728 hadi 4,194,304.

Lakini tuliandika matarajio kwa biti na si kwa ujazo, na matarajio yakasema jambo jingine. Safu mlalo moja ya kipande ni baiti 256, yaani mistari minne. Safu zote 32 za kipande zimeachana kwa mruko uleule wa baiti 8,192, kwa hiyo zote zinaanzia seti moja. Kipande kizima, mistari 128, kinagombea seti nne zenye nafasi nane nane: nafasi 32 kwa mistari 128, huku seti nyingine 60 zikiwa karibu wazi. Kila mzunguko juu ya safu 32 unafukuza ulichokileta. Tukipiga hesabu, kila kipande kinahitaji kuletwa kwa mistari 4,096 badala ya 128, na tukizidisha kwa vipande 32,768 vya kazi tunapata 134,217,728. Ni namba ileile ya kabla ya kukata, bila kupungua hata moja.

Nilimwomba mwenzangu wa programu aendeshe jaribio mbele ya kikao kizima, kwa sababu matokeo kama haya yanahitaji mashahidi. Kiigaji kikaonyesha kwamba ukataji wa vipande, mbinu inayofundishwa kila mahali kuwa tiba ya kache, haukuleta nafuu yoyote katika ukosaji wa matriki hiyo. Mtu ambaye angeishia hapo angesema ukataji haufai, na angekuwa na takwimu mkononi.

Tiba ni kuuvunja mruko. Tumeongeza namba 32 zisizotumika mwishoni mwa kila safu mlalo, hivyo safu ina nafasi za namba 1,056, na mruko ni baiti 8,448, sawa na mistari 132. Ukigawanya 132 kwa seti 64 unabaki na 4. Safu ya kwanza ya kipande inaanzia seti ya 0, ya pili seti ya 4, ya tatu seti ya 8, na baada ya safu 16 seti zote 64 zimeguswa mara moja. Kipande chote kinakaa mistari miwili katika kila seti, bila hata seti moja kuzidiwa. Vipande vitatu ni mistari sita, na nafasi ni nane. Gharama yake ni kilobaiti 256 kwa kila matriki, kama asilimia tatu ya ukubwa wake.

Hapo ndipo 4,194,304 ilipoonekana.

Katika kikao kuliulizwa kwa nini gridi isiwe ya 33 kwa 31, ili mruko uvunjike wenyewe bila kupoteza kumbukumbu. Hesabu haikubali: mruko wa baiti 8,184 ungeisogeza kila safu kwa baiti 8 tu katika seti, na kipande bado kingezidi nafasi zake. Isitoshe, gridi ni mali ya wataalamu wa hali ya hewa, nao wana sababu zao za kuipanga hivyo. Sioni vyema muundo wa kache uamue mvua ikadiriwe kwenye nukta zipi. Pia kuliulizwa kama maunzi yanaweza kuchanganya biti za juu za anwani ili kuchagua seti, kama inavyofanywa katika kache kubwa zilizo mbali zaidi na kiini. Kwa ngazi ya kwanza ya chipu hii haiwezekani kirahisi, kwa sababu biti hizo za juu ndizo zinazosubiri tafsiri, na kuzisubiri kunaongeza mpigo wa saa kwa kila usomaji wa kila programu. Bei hiyo ingelipwa na kila mtumiaji, hata yule asiyezidisha matriki.

Mei

Majaribio yote hadi sasa yalifanywa katika hali ambayo kiigaji hubeba programu moja bila mfumo endeshi, na maombi ya programu kwa mfumo endeshi hujibiwa na kiigaji chenyewe. Hali hiyo ni ya haraka, na kwa kuhesabu mistari ya kache inatosha. Haitoshi kwa tafsiri za anwani, kwa kuwa humo anwani hutafsiriwa papo hapo bila kutozwa muda. Mpango wetu ulikuwa kuhamia mfumo kamili mara tu maswali ya kache yakishajibiwa, na sasa tumehamia: Linux inawaka ndani ya kiigaji, hali yake inahifadhiwa baada ya kuwaka, na majaribio yanaanzia hapo.

Jedwali la tafsiri, linalotunza ndani ya chipu tafsiri za kurasa zilizotumika karibuni, lina nafasi 32 katika mchoro. Safu mlalo ya matriki sasa ni baiti 8,448 na ukurasa ni baiti 4,096, kwa hiyo kila safu ya kipande iko katika ukurasa wake. Kwa kila safu mlalo ya kipande cha jibu, programu inazunguka kurasa 32 za matriki ya pili, pamoja na ukurasa mmoja wa matriki ya kwanza na mmoja wa jibu. Jumla ni 34. Jedwali lina nafasi 32. Kurasa mbili za ziada zinatosha kuharibu kazi nzima, kwa sababu ukurasa wa jibu na wa matriki ya kwanza huguswa kila mara na hautoki, na kurasa 32 zinabaki kuzunguka katika nafasi 30, zikifukuzana moja baada ya nyingine. Matarajio: tafsiri moja ikosekane kwa kila hatua 32, yaani mara 33,554,432 katika kazi nzima. Kila inapokosekana, kichakataji hupanda ngazi hadi tatu za majedwali katika kumbukumbu kabla ya kuendelea.

Jambo hili nimelieleza kwa kirefu katika taarifa ya mwezi, na ninalirudia hapa kwa sababu linahusu namna ya kufanya kazi yetu. Kwa mtazamo wa kache peke yake, kipande cha safu 32 ndicho bora. Kwa mtazamo wa jedwali la tafsiri, ni kibaya kwa kurasa mbili tu. Mbunifu anayepima kache peke yake angekisifu kipande hicho, kisha angepokea chipu iliyo na mwendo asioutarajia.

Njia mbili zilikuwa wazi. Maunzi yangeweza kuongeza nafasi za jedwali hadi 64, au programu ingeweza kuomba kurasa kubwa. Mfumo wa kurasa wa RISC-V unaoitwa Sv39 una ukurasa wa megabaiti 2, na matriki moja yenye nafasi za ziada ni baiti 8,650,752, sawa na megabaiti 8.25. Zikiwekwa vizuri, kurasa tano zinatosha matriki moja, na 15 zinatosha zote tatu. Jedwali la nafasi 32 linabakiwa na nusu yake kwa matumizi mengine. Linux hukubali ombi la kurasa kubwa kwa eneo maalumu la kumbukumbu, kwa hiyo badiliko lote ni mistari michache mahali matriki zinapotengwa. Baada ya badiliko hilo, ukosaji wa tafsiri ndani ya kitanzi ulitoweka.

Kuna tahadhari moja ambayo wenzetu wa programu wameiandika, nami naiunga mkono: mfumo endeshi hauahidi kwamba kurasa kubwa zitapatikana daima, hasa kifaa kikiwa kimewaka muda mrefu na kumbukumbu imegawanyika vipande vidogo. Kwa hiyo wameandaa njia ya pili, ya kunakili kipande cha matriki ya pili katika eneo dogo lililoungana la kilobaiti 8 kabla ya kukitumia. Kipande kikiwa hapo kinachukua kurasa mbili tu, na mistari yake inajipanga yenyewe miwili miwili katika seti zote. Kunakili kuna gharama, lakini kipande kimoja kilichonakiliwa kinatumika na vipande 32 vya matriki ya kwanza, kwa hiyo gharama hiyo hugawanyika.

Tulilinganisha pia mwelekeo wa matokeo na bodi halisi ya RISC-V inayouzwa madukani, kwa kutumia vihesabio vilivyomo ndani ya kichakataji chake. Bodi hiyo si chipu yetu na kache zake zina mpangilio wake, ndiyo maana hatukulinganisha muda kwa muda. Tulichotafuta ni kama mruko uliovunjwa unaishinda programu ya awali huko pia, na kama kurasa kubwa zinasaidia huko pia. Yote mawili yameonekana.

Juni

Swali lililobaki ni kama transista zilizoombwa kwa ajili ya kache zinaweza kufanya kazi nyingine yenye faida. Sehemu ya pili kwa ukubwa katika programu ya mvua hupitia matriki nzima mara moja, ikijumlisha na kuandika, bila kurudi nyuma. Hapo hakuna kache itakayosaidia, kwa maana hakuna kinachotumika mara mbili. Kinachoamua ni idadi ya maombi ya kumbukumbu yanayoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni ile kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: wastani wa vilivyomo ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Kumbukumbu tuliyoiweka katika kiigaji ni ya DDR3-1600, ambayo upeo wake ni gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Tukichukua nanosekunde 80 kuwa muda wa ombi moja kwenda na kurudi, lazima baiti 1,024 ziwe njiani muda wote ili njia ijae, yaani mistari 16. Rejista za kufuatilia maombi katika mchoro wa sasa ni nne. Kwa nne, hata programu ikiandikwa kwa ustadi wa namna gani, haiwezi kupita gigabaiti 3.2 kwa sekunde, robo ya uwezo wa kumbukumbu iliyonunuliwa.

Inavutia kusema basi ziwe 16. Lakini kiini hiki hutekeleza amri kwa mfuatano, na husimama mara amri inapohitaji namba ambayo haijafika. Kabla ya kusimama hupata nafasi ya kutuma maombi machache tu, na tulipoongeza rejista katika kiigaji bila kubadili kitu kingine, nyingi zilibaki tupu. Rejista za ziada zitakuwa na kazi pale tu patakapokuwa na kitu cha kuzijaza, na pendekezo letu ni sehemu ndogo ya maunzi inayotambua usomaji wa mfululizo na kuomba mistari inayofuata kabla kiini hakijaihitaji. Sehemu hiyo haitaletea kizidisho cha matriki madhara, kwa sharti kwamba isivuke mpaka wa kipande. Mistari inayoombwa bila kutumika hufukuza ile inayotumika, na seti zetu zimebakiwa na nafasi mbili tu za akiba.

Taarifa iliyopelekwa kwa wabunifu wiki hii inasema kache ya data ibaki kilobaiti 32 na nafasi nane, jedwali la tafsiri libaki na nafasi 32, rejista za maombi ziongezwe pamoja na sehemu ya kuomba mapema au zisiongezwe kabisa, na maktaba ya matriki itolewe pamoja na chipu ikiwa tayari na mruko wa mistari 132, vipande vya 32 kwa 32 na ombi la kurasa kubwa. Kila pendekezo lina hesabu yake ya mkono upande wa kushoto na matokeo ya kiigaji upande wa kulia. Wabunifu wamekubali mapendekezo ya kache na jedwali. Kuhusu rejista wametaka kwanza kuona majaribio ya nne, nane na 16, kila moja ikiwa na sehemu ya kuomba mapema ya mistari miwili na ya mistari minne, kwenye programu nzima ya mvua na si kwenye kitanzi kimoja. Matarajio ya majaribio hayo sita yameshaandikwa, na uigaji wake umeanza kwenye seva.